Praima, andakoti au kisawazishi? Maneno matatu, kazi tatu

WATUMIZI wengi wa Kiswahili nchini hutumia maneno 'praima' na 'andakoti' kana kwamba yana maana moja. Utamsikia fundi akimwambia mwanagenzi wake, "Piga praima kwanza," naye mwanagenzi, akiwa ameushika mkebe ule ule, akajibu, "Andakoti nishamaliza." Kazi inaendelea, na hakuna anayemsahihisha mwenzake.

Katika makala haya ninadhamiria kuonyesha kwamba tofauti iliyopo baina ya maneno hayo haikubuniwa na walimu wa lugha ili wapate la kusema. Ni tofauti ya kikazi, na anayeipuuza hulipa. Nitatumia mfano wa kazi ambayo ni ndogo kwa ukubwa wa vitu vyake lakini haina huruma kwa anayekosea: kuziandaa modeli ndogo kabla ya kuzipaka rangi.

Tuanze na neno 'modeli' lenyewe. Hili ni nomino ya mkopo iliyo katika ngeli ya I-ZI: modeli hii imekauka, modeli hizi zimekauka. Kiswahili kina njia yake asilia ya kuonyesha udogo, yaani kuihamishia nomino katika ngeli ya KI-VI. Ndege huwa kidege, jahazi huwa kijahazi, gari huwa kigari au kijigari, sanamu huwa kijisanamu. Ukishafanya hivyo, upatanisho nao hauna budi kubadilika: kijigari hiki kimepakwa rangi, wala si 'kijigari hii imepakwa rangi'. Katika mazungumzo yetu ya Nairobi utasikia pia 'kagari kadogo haka', umbo linalotokana na athari za lugha zetu za kwanza. Sina nia ya kulikemea leo, ila tu lisiingie katika insha.

Hata hivyo, udogo katika Kiswahili mara nyingi hubeba dharau. Ukimwambia mtu kwamba ana 'kijigari', huenda asisikie ukubwa wa gari bali kejeli yako. Ndiyo maana wanaoziunda kazi hizi hupendelea neno 'modeli'. Modeli si gari duni. Ni gari kamili lililopunguzwa kwa uwiano maalumu.

Uwiano huo ndio chanzo cha ugumu wote. Modeli nyingi za ndege duniani huundwa kwa uwiano wa 1 kwa 72. Maana yake ni kwamba mtu mwenye kimo cha sentimita 180 huwa na kimo cha sentimita 2.5 tu. Sasa piga hesabu ya rangi. Ukipaka tabaka lenye unene wa milimita 0.1, jambo ambalo ni rahisi sana kwa mwenye brashi na haraka, tabaka hilo kwenye ndege halisi lingekuwa na unene wa milimita 7.2. Hebu fikiria ndege iliyokandikwa rangi nene kiasi hicho! Mistari ya milango, misumari ya mbavuni na vioo vyote vingefukiwa. Rangi ya nyumba inaweza kuwa nene na ukuta usilalamike. Modeli hulalamika papo hapo.

Kazi hii ina historia. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli yake ya kwanza ya kuunganishwa mwaka wa 1949, nayo ilikuwa trekta ya Ferguson. Tangu enzi hiyo, plastiki ngumu iitwayo polistirini imekuwa malighafi kuu ya modeli za madukani. Huku kwetu malighafi ni nyingi zaidi. Wapo wanaochonga vijahazi vya mbao Lamu na kuwauzia wageni. Wapo vijana wa Nairobi wanaounda nganya ndogo kwa kadibodi, vipande vya plastiki na mabati ya mikebe, na ukiiona picha ya nganya hiyo bila kitu kingine kando yake, utadhani iko steji ikingoja abiria.

Mmoja wa vijana hao ndiye aliyenisukuma kuyaandika haya. Alikuwa ameagizwa modeli ya matatu na mteja aliyemlipa nusu ya pesa mapema. Aliiunda kwa majuma matatu. Siku ya kuipaka rangi alikwenda katika duka la vifaa vya ujenzi kununua praima.

"Nilimwambia jamaa wa duka nataka praima ya plastiki," alinieleza. "Akaniambia, 'Chukua hii andakoti, bosi, zote ni moja.' Nikachukua."

Alichouziwa ni andakoti ya mafuta, ile nzito ya milango na fremu za madirisha. Aliipaka kwa brashi. Mistari ya milango ikajaa. Baada ya siku tatu bado ilikuwa ikinata. Ilipokauka, akabandika tepu ya karatasi ili apige mistari ya rangi ubavuni. Alipoibandua tepu, andakoti ikaondoka nayo, plastiki ikabaki uchi. Mteja hakuelewa hadithi ya tepu. Alitaka pesa zake.

"Sasa mwalimu," akaniuliza, "ni mimi sikujua kuuliza ama ni yeye hakujua kujibu?"

Swali hilo ni la lugha kama lilivyo la rangi. Ili kulijibu, inatupasa kutenganisha kazi tatu ambazo tabaka la kwanza hutarajiwa kuzifanya: kushika, kuficha na kusawazisha.

Kazi ya kwanza ni kushika, na hiyo ndiyo kazi ya praima. Rangi ya kawaida haipendi mahali palipo laini mno. Juu ya plastiki au chuma kilichong'arishwa, hukaa kama maji juu ya jani la mgomba: ipo, lakini haijakubaliwa. Praima huundwa kwa viambato vinavyoweza kung'ang'ania uso wa namna hiyo, na yenyewe ikikauka huacha uso wenye mikwaruzo midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambamo rangi inayofuata hupata pa kujishikiza. Kwa hivyo praima hushika pande mbili: chini hukishika kitu, juu huishika rangi.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuieleza hali hii. Tazama vitenzi 'kamata', 'fumbata', 'ambata' na 'nata'. Vyote vinamalizikia kwa -ata, na vyote vinahusu mguso usioachilia. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wameitambua -at- kuwa kiambishi cha zamani chenye maana hiyo ya kugusana na kushika. Kwa hiyo ukisema kwamba praima 'imeiambata' plastiki, umesema kitu sahihi zaidi kuliko kusema kwamba 'imekaa juu ya' plastiki.

Kinyume chake tunacho pia. Kauli ya kutendua hutupa bandika na bandua, kisha banduka. Tepu hubandikwa, tepu hubanduliwa. Rangi isiyoambata nayo hubanduka. Kitenzi 'bambuka' huonyesha rangi inayotoka kwa magamba, kama gome la mpera. Ni vizuri mwanafunzi azitofautishe hali hizi, kwa kuwa chanzo chake si kimoja. Rangi inayobanduka kama karatasi mara nyingi huonyesha kwamba uso ulikuwa na mafuta au haukupata praima. Rangi inayobambuka kwa vigamba aghalabu huwa imekauka ikapoteza unyumbufu.

Kazi ya pili ni kuficha, na hapa ndipo andakoti ilipo na haki ya jina lake. Andakoti hasa ni tabaka la kati. Katika upakaji wa mlango, fundi mwangalifu huanza na praima, hufuatiza andakoti, kisha humalizia kwa rangi ya kung'aa. Andakoti hufunika rangi ya kitu chenyewe ili rangi ya mwisho isionyeshe madoa. Haikuundwa kwa ajili ya kushika plastiki, bali huitegemea praima iliyo chini yake.

Katika ulimwengu wa modeli, kazi hizi mbili zimeunganishwa ndani ya mkebe mmoja ili kupunguza idadi ya matabaka. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Wapakaji wengi wa Uingereza wanaoshughulika na vijisanamu vya michezo ya vita wamezoea kuliita tabaka hilo andakoti, ilhali wenzao wa Marekani hupendelea praima. Wote wana maana ya kitu kile kile: tabaka jembamba lililoundwa kwa ajili ya modeli. Neno likifika kwetu bila maelezo hayo, mwenye duka hulitafsiri kwa bidhaa aliyo nayo, nayo ni ya mlango.

Kuficha kuna siri yake: rangi ya tabaka la kwanza huamua sura ya rangi ya mwisho. Manjano na nyekundu hazina nguvu ya kuficha, na zikipakwa juu ya weusi hufifia zikafanana na matope. Hizo zitakie praima nyeupe. Rangi za fedha na shaba hupendeza juu ya weusi, na inayotakiwa kung'aa kama kioo hutandikiwa weusi unaong'aa. Kijivu ndiyo rangi salama kwa kazi nyingi, tena huonyesha kasoro vizuri. Kwa modeli za mashine kuukuu, wapo wanaoanza na rangi ya kahawia-nyekundu, ile ambayo mafundi wetu wa jua kali hupaka mageti na kuiita redoksaidi, ili palipochubuka paonekane kama kutu.

Ipo pia mbinu ya kupuliza praima nyeusi kote, kisha nyeupe kutoka juu pekee. Palipo wazi hupata mwanga na palipofichika hubaki na kivuli. Kiswahili hakihitaji kukopa neno kwa mbinu hii. Tunasema 'jua la utosi' kwa jua la saa sita mchana linalowaka moja kwa moja kichwani. Basi huko ni kupuliza utosini, na kila msomaji ataelewa weupe unatoka upande gani.

Kazi ya tatu ni kusawazisha. Modeli iliyoungwa huwa na nyufa ndogo za maungio na mikwaruzo ya msasa. Lipo tabaka la kwanza lililotiwa unga wa kujaza ili kuziba mikwaruzo hiyo. Kampuni za Japani huliuza kwa jina la 'sarfesa', na kwa maoni yangu 'kisawazishi' ni neno zuri zaidi, kwa kuwa linatokana na kitenzi tunachokijua: sawazisha. Mikebe na chupa hizi huwa na namba kama 500, 1000, 1200 na 1500. Namba hizo husomwa kama za msasa: ndogo ina chembe kubwa na hujaza mikwaruzo mikubwa, kubwa ina chembe laini na huacha uso mwororo.

Nikilitaja neno 'msasa', inafaa kukumbusha kwamba hilo nalo lilianza msituni. Msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, na wachongaji waliyatumia kusugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuja. Jina la mti likahamia kwenye karatasi. Leo tunasema 'kupiga msasa' hata kwa mwandishi anayenoa kipaji chake.

Sasa turudi kwenye jina. Je, Kiswahili kiiite praima nini? Wapo wanaopendekeza 'rangi ya msingi'. Pendekezo hili lina tatizo. Katika somo la sanaa, 'rangi za msingi' tayari ni nyekundu, manjano na samawati, zile ambazo rangi nyingine huchanganywa kutokana nazo. Mwanafunzi akiambiwa apake rangi ya msingi, anaweza kuchukua samawati kwa moyo safi. Wengine husema 'rangi ya kwanza'. Hili linataja zamu tu, halitaji kazi. Andakoti iliyopakwa mwanzo nayo ni rangi ya kwanza, na matokeo yake tumeyaona.

Cha ajabu ni kwamba neno la Kiingereza lenyewe lina udhaifu huo. Linatokana na Kilatini 'primus', yaani 'wa kwanza', na linatumiwa pia kwa kitabu cha kwanza cha kumfundishia mtoto kusoma. Kwa hivyo tukitafsiri neno kwa neno, tutatafsiri pia upungufu wake.

Kiswahili kina mtindo wa kuunda nomino kwa kuambatanisha ki- na kitenzi pamoja na kitendwa chake: kizimamoto, kipimajoto, kinasasauti. Kwa mtindo huo huo tunaweza kupata 'kishikarangi', yaani kitu kinachoishika rangi. Neno hili linataja kazi. Mwenye duka akilisikia, hata kama ni mara ya kwanza, atajua kwamba mteja anatafuta kitu cha kuifanya rangi ishike, wala si rangi ya kufichia mlango. Silipendekezi ili liifute 'praima'. Praima imeshazoeleka, inamalizikia kwa irabu kama maneno yetu, na imeingia I-ZI bila kubisha hodi. Ninalipendekeza liwe ufafanuzi wake darasani na katika vitabu: praima, yaani kishikarangi.

Baada ya maneno, tuone utaratibu wa kazi, kwa maana vitenzi vyake navyo huchanganywa.

Kwanza, modeli huoshwa. Plastiki na rezini hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya mafuta yaliyopakwa kwenye kalibu ili kipande kitoke bila kukwama. Mafuta hayo hukataa praima. Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Kisha modeli huachwa ikauke kabisa, na kuanzia hapo hushikwa kwa glavu au kwa kijiti kilichobandikwa chini yake. Jasho la kidole nalo ni mafuta.

Pili, malighafi hujulikana. Polistirini hupatana na praima nyingi za modeli, lakini praima za magari zenye thina kali zinaweza kuilainisha na kuiharibu. Povu jeupe la plastiki, lile linalokuja na televisheni mpya, huyeyuka kabisa likiguswa na thina kali. Plastiki laini ya chupa na wanasesere wa bei rahisi huikataa karibu kila rangi, na inahitaji praima yake maalumu. Mbao hufyonza, na ikipakwa praima ya maji nyuzi zake husimama, kwa hivyo hupigwa msasa mwembamba kisha hupakwa tena. Kadibodi pia hufyonza, tena kingo zake ndizo huvimba kwanza. Bati la mkebe hukwaruzwa kwa msasa, hufutwa mafuta, ndipo hupata praima ya chuma.

Tatu, mkebe hutikiswa kwa dakika moja au mbili tangu kigololi cha ndani kianze kugonga. Rangi nzito hutuama chini, na mkebe usiotikiswa hutoa maji kwanza na matope baadaye.

Nne, praima hupulizwa. Tofautisha hapa: kupaka ni kwa brashi au kitambaa, kupuliza ni kwa hewa, kukandika ni kwa udongo au lipu. Aliyeipuliza praima mpaka ikatiririka ameikandika, haijalishi alitumia chombo gani. Umbali wa sentimita 20 hadi 30 unafaa. Mkono huanza kupuliza nje ya modeli, hupita juu yake bila kusimama, na huachilia ukiwa umeshatoka upande wa pili. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu, plastiki ikionekana chini yake. Matabaka mawili au matatu membamba ni bora kuliko moja nene.

Tano, mtu hungoja. Praima za thina kali hukauka upesi, lakini zile za maji, ambazo wengi hupuliza kwa bunduki ndogo ya hewa, ni vyema ziachwe siku nzima ndipo zibandikwe tepu. Baadhi yake huchanika zikipigwa msasa mapema. Kukauka juu si kukomaa. Kidole kikigusa pasipo kunasa, hapo imekauka. Tepu ikibanduliwa na praima ikabaki, hapo imekomaa.

Sita, modeli hukaguliwa chini ya mwanga wa pembeni. Rangi moja ya kijivu huzifichua nyufa na gundi iliyofurika, mambo yaliyojificha wakati kila kipande kilikuwa na rangi yake. Hapa ndipo pa kurekebisha. Kasoro iliyovumiliwa kwenye praima haiondolewi na rangi ya juu, bali hutiwa nakshi.

Hali ya hewa nayo haipaswi kusahaulika. Maelezo ya mikebe mingi huandikwa na watu wa nchi nyingine. Unyevu wa Mombasa, hasa majira ya masika, unaweza kuifanya praima ya thina ipate utando mweupe kama maziwa, kwa sababu mvuke wa maji hunaswa ndani yake inapokauka. Joto na upepo wa Garissa au Lodwar huyakausha matone yakiwa bado hewani, yakamwagikia modeli kama vumbi, uso ukawa kama msasa. Dawa yake ni kusogea karibu kidogo na kujikinga na upepo. Baridi ya Nairobi ya mwezi Julai hupunguza nguvu ya mkebe, ukatema matone badala ya kupuliza. Mkebe huo waweza kuwekwa katika maji vuguvugu kwa muda mfupi. Kamwe usiwekwe kwenye maji yanayochemka wala karibu na jiko, kwani hulipuka.

Jambo la usalama ninalisisitiza kwa herufi kubwa ya moyo. Mvuke wa thina huwaka na hudhuru. Kazi ifanywe nje au penye hewa ya kupita, mbali na makaa na sigara. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo tu, haizuii mvuke. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Vumbi la rezini nalo lipigwe msasa likiwa limeloweshwa kwa maji, lisiingie kifuani.

Msomaji anaweza kuuliza: je, fikra hii ya kuuandaa uso ni ya kigeni? La hasha. Mafundi wa vyombo wa pwani yetu waliijua kabla ya mikebe. Chombo hakikuteremshwa majini mbao zikiwa tupu. Kilikalafatiwa kwanza, yaani maungio yalizibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Mbao zake zilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya samaki, na sehemu ya chini ya maji ikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Lengo lao halikuwa lile la praima, kwa kuwa walikuwa wakikilinda chombo na bahari, hawakuwa wakiitafutia rangi pa kushika. Lakini zingatia jambo moja: kila kazi ilikuwa na jina lake. Hakuna fundi aliyesema, "Kalafati, sifa na shahamu, zote ni moja." Angesema hivyo, chombo kingezama.

Hilo ndilo jibu nililompa yule kijana. Wewe uliuliza vizuri, kwa sababu ulisema praima na ukasema plastiki. Mwenye duka hakuwa mwongo. Alikuwa na neno moja kwa bidhaa mbili. Lugha yetu ya kazi ndiyo iliyowaacha nyote wawili. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kwa Kiingereza, wanagenzi hufundishana kwa Kiswahili na Sheng, na kati ya mlango mmoja na mwingine tofauti muhimu hudondoka. Aliyeidondosha hajulikani, ila anayelipa hujulikana daima.

Kwa kuhitimisha, nawasihi walimu na mafundi wayatumie maneno haya kila moja kwa zamu yake. Ndivyo: praima hushika, andakoti huficha, kisawazishi husawazisha. Sivyo: zote ni moja. Ndivyo: praima hupulizwa ikaambata, tepu hubandikwa ikabanduliwa. Sivyo: praima hukandikwa. Na ukienda dukani, usitaje jina peke yake. Taja kitu unachopaka, taja kilichoundwa kwa nini, na taja kazi unayoitaka tabaka hilo likufanyie. Mwenye duka akisema hana, hilo ni jibu zuri kuliko 'chukua hii'.